Jinsi ya kumuelewesha mama mkwe (na muuza dawa) kuwa endometriosisi sio kinga kushuka

Neno la kuogopa hapa kwetu sio endometriosisi, huu ugonjwa wa maumivu makali ya hedhi, hilo hata kulitamka watu hawawezi. Neno la kuogopa ni KINGA. Ukisema tu mbele za watu, iwe Mtwara iwe Lindi, kwamba "daktari kasema ugonjwa wangu una mambo ya kinga ya mwili", ujue ushajimaliza, mana neno kinga tumelizoea kwenye Upungufu wa Kinga Mwilini na kichwani limeganda hapohapo. Mimi yamenikuta. Nilimwambia wifi yangu mmoja tu, tena kwa nia njema, tunamenya muhogo uani kwake Chikongola, jioni yake mume wangu anaulizwa kijiweni kama ashaenda kupima.

Wa pili ni yule wa dawa za chupa. Yeye akisikia kinga anakuona wewe ni mteja, anakuletea ya "kuongeza kinga", unatoa hela ya vitambaa vya wateja (mimi ni fundi cherehani), unakunywa kutwa mara tatu mpaka chupa inaisha na tumbo liko vilevile.

Kwahiyo naandika hapa namna ya kuielezea hii kitu kwa watu wa nyumbani, namna niliyoipata kwa kukosea mara nyingi. Sio daktari mimi, ila nnaumwa hiki kitu tangu niko binti, nimesoma na kuuliza mpaka nikachosha watu.

Kwanza kabisa usianze na kinga. Anza na chango. Mama yeyote wa huku ukimwambia chango kashakuelewa, hata bibi wa Newala ndani ndani huko ambaye hajawahi kukanyaga hospitali anajua chango la kike ni nini na ana mizizi yake tayari. Usimbishie. Mwambie sawa mama, chango ni jina la maumivu, sasa mi nakwambia kinacholeta hayo maumivu kwangu mimi. Mana maumivu ya siku zile yana sababu nyingi, ya kwangu ni hii: kuna nyama inafanana na ile ya ukuta wa ndani wa mji wa mimba, ile inayobomoka na kutoka kila mwezi, sasa hii imeota nje, kwenye ovari, nyuma ya kizazi, wengine mpaka kwenye utumbo na kibofu. Siku zikifika nayo inavimba na kuvuja kama mwenzake, tofauti ni kwamba yenyewe haina mlango wa kutokea. Inabaki humo inachokoza kila kilicho jirani, ikikaa sana inatengeneza makovu yanayogandisha viungo vilivyotakiwa viwe vinateleza.

Hapo atakuuliza ni wewe tu? Mjibu hapana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kama asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio kwenye umri wa kuzaa wanacho, milioni 190 hivi dunia nzima. Ukitaka aelewe vizuri mwambie kwenye ngoma ya unyago wakicheza kina mama ishirini, kwa hesabu hiyo wawili wanaumwa hiki na walipokuwa wali waliambiwa wavumilie ndo ukubwa huo. Mama mkwe wangu mimi alikaa kimya muda mrefu nilivyomwambia hivyo. Yeye ni somo, kafunda wasichana wengi.

Sasa unamleta taratibu kwenye damu inayorudi nyuma. Kuna daktari Mmarekani anaitwa John Sampson, mwaka 1927 aliandika kwamba wakati wa hedhi damu nyingine haishuki chini, inapanda kupitia mirija ya uzazi inamwagikia ndani ya tumbo, na humo ndani inabeba vipande vya ule ukuta vikiwa bado hai, vinajishika vinaota. Hii haielezi kila mgonjwa, kuna watu wameota hiyo nyama mpaka kwenye mapafu na damu ya hedhi haifiki huko kwa njia hiyo, lakini kwa walio wengi ndo maelezo yanayotumika sana mpaka leo.

Ila mtu mwenye akili hapa lazima akukamate. Mwaka 1984 watafiti waliangalia maji ya tumboni ya wanawake ambao mirija yao haijaziba, wakati wa siku zao, wakakuta asilimia 90 wana damu humo. Tisini! Yani karibu kila mwanamke damu inamrudi. Sasa kama karibu wote inawarudi na wanaougua ni mmoja kwa kumi, hao wengine nani anawafagilia?

Umefika unapotaka. Anayefagia ni seli za kinga. Na sasa ndo unaitoa habari ya ghala.

Huku kwetu hakuna asiyejua ghala la korosho. Msimu ukifika, mwezi wa kumi huo, korosho zinatoka vijijini zinaingia ghala kuu kusubiri mnada, na mlangoni kuna walinzi. Mwambie tumbo langu la chini ndo ghala. Vile vipande vya damu ya hedhi vinavyorudi ni wezi, kila mwezi wanaingia kwa mlango wa nyuma. Kwa mwanamke asiyeumwa walinzi wanawadaka wanawamaliza asubuhi kumetulia.

Walinzi wakuu wanaitwa makrofeji. Hizi ni seli kubwa kubwa, kazi yake kumeza uchafu, seli zilizokufa, vijidudu, kila kisichotakiwa. Kwa mwenye endometriosisi maajabu ni kwamba makrofeji sio kwamba wamepungua, wameongezeka! Ukipima yale maji ya tumboni unakuta wamejaa kuliko kwa mtu asiyeumwa. Ila hawamezi. Uwezo wao wa kumeza umeshuka, badala yake wanamhudumia mwizi. Wanatoa kemikali za kuotesha mishipa mipya ya damu kwenda kwenye ile nyama, kwahiyo mwizi kavutiwa maji ya bomba. Wanatoa nyingine zinazoita mishipa ya fahamu iote kuelekea pale, mwizi kavutiwa na umeme. Wanapuliza filimbi, hizi za kitaalamu ni saitokini, na filimbi ikilia wanakuja walinzi wengine kutoka kwenye damu, nao baadhi wakifika pale wanafundishwa tabia ileile. Kuna utafiti wa panya wa mwaka 2009, walipowaondoa makrofeji ile nyama ilishindwa kukua vizuri. Kwahiyo wanaomlisha mwizi ni wao.

Mama mkwe wangu hapa ndo alisema "kikulacho ki nguoni mwako" na mi nikajua kaelewa kuliko yule kijana aliyenichoma sindano za UTI mara nne mfululizo kwenye kituo kimoja bila kuniuliza tumbo linauma lini na lini.

Wako walinzi wengine, hawa usimuelezee mtu wote kwa mpigo utamchosha, chagua. Kuna seli za NK, hawa ndo wakali, wale wa virungu, kazi yao kuua seli yoyote wanayoihisi haiko sawa. Wabelgiji mwaka 1991 walionyesha kwamba kwa wagonjwa wa endometriosisi ukali wa hawa umepungua, wapo lakini mikono imefungwa. Kuna seli T za kutuliza, hizi mi naziita mwenyekiti wa mtaa, kazi yake halali ni kuzuia mwili usijipige wenyewe, sasa huku kwenye maji ya tumbo wengi wamepima wakazikuta zimezidi, yani mwizi kakamatwa mwenyekiti anatokea anasema mwacheni huyo ni kijana wetu. Nyutrofili nazo zinakuja mbio zikiitwa, na zenyewe zinaongeza fujo. Alafu kuna seli za masti, zile zile zinazofanya mtu mwenye aleji ya pweza avimbe midomo, hizi zinapatikana karibu na mishipa ya fahamu ndani ya ile nyama, zikipasuka zinamwaga histamini na vitu vingine vya kuchokonoa mshipa. Hizo ziwekee akiba ya mume, nitakuja.

Usisahau anayelipa posho. Posho ni homoni ya estrojeni. Ile nyama inaipenda estrojeni, na ubaya wake inajua kujitengenezea yenyewe palepale ilipo, haisubiri ya ovari peke yake. Ikitengeneza estrojeni, prostaglandini zinaongezeka, hizi ndo zinakamua tumbo, na prostaglandini zikiongezeka nazo zinachochea estrojeni zaidi itengenezwe. Duara hilo. Kwenye mwili usioumwa homoni nyingine, projesteroni, ndo ingetuliza huo mchezo ila ile nyama mara nyingi imekuwa sikio la kufa kwa projesteroni.

Baada ya hapo ndo sema neno kinga, sio kabla. Na useme kwa sauti mbele ya wifi: KINGA YANGU HAIJASHUKA. Kwenye UKIMWI virusi vinaua walinzi, wanakwisha, ghala linabaki wazi na kila mwizi anaingia. Mimi walinzi nnao wa kumwaga, wamegeuka tu upande. Haiambukizi, sio kwa damu sio kwa tendo la ndoa, na sikuipata kwa mtu. Ukipimwa picha ya damu pale maabara seli nyeupe zinaweza kusoma sawa kabisa, mana fujo iko tumboni kwenye nyonga, sio kwenye mshipa wa mkono anapochoma sindano. Kwahiyo mtu asikulazimishe kipimo cha CD4 (kile cha kuhesabu walinzi wanaouliwa na VVU) eti ndo kitaonyesha endometriosisi, hakionyeshi. Kupima VVU ni jambo jema pima kama kila mtu anavyopima, ila ni habari nyingine.

Kumuelezea mume kuna namna yake. Wanaume wengi ghala wanalielewa haraka kuliko sisi, tatizo lao liko kwenye swali moja hawaliulizi: mbona wiki hii kanikataa tena. Muelezee umeme. Mwambie pale nyuma ya kizazi mishipa ya fahamu imeongezeka, na kemikali za walinzi zinaichokonoa mpaka inakuwa nyepesi kuwaka, kitu ambacho kwa mwingine ni mguso kwangu ni kisu. Hapo ndo unazitoa zile seli za masti na pweza. Mwambie pia ukubwa wa nyama na ukubwa wa maumivu haviendi pamoja, kuna mtu ana vidoa vichache analala chini anabiringita, mwingine imeenea mpaka ovari zimegandana na anajua siku anayokosa mimba tu. Kwahiyo ultrasaundi ikisoma safi asikwambie unadeka. Wangu nilimwambia tukiwa tunarudi kutoka Mikindani kwenye bajaji, akasema kumbe, basi, hajasema kingine, ila toka siku ile haulizi kwa hasira.

Na akisema "tuzae tu itaisha", ambalo kila mtu anasema, mjibu ujauzito unaweza kuituliza kwa muda kwa baadhi ya watu lakini sio dawa ya kuimaliza, na ugonjwa wenyewe kwa wengine ndo unaochelewesha mimba, mana hilo ghala lenye fujo ndo humohumo yai na mbegu vinapopita.

Haya muuza dawa. Huyu muulize swali moja: dawa yako inaongeza walinzi gani, na inawaamrisha wafanye nini? Mana kama ni kuongeza walinzi tu mi ninao tayari wamejaa na ndo wanaomlisha mwizi. Kuna utafiti wa Uingereza uliotoka 2021, wa panya pia, umeonyesha kwamba hata makrofeji wenyewe hawafanani, wale waliokuja na vipande vya mji wa mimba wanaisaidia ile nyama ikue, wale wapya wanaotoka kwenye damu kuna namna wanajaribu kuizuia. Sasa kama wanasayansi wenyewe inabidi watenganishe mlinzi kwa mlinzi, hiyo chupa yako isiyo na lebo inatenganishaje? Hana jibu. Atakwambia inasafisha kizazi. Hapo ndo unafunga pochi. Usile tangawizi kwa kudhani itawageuza walinzi, kula kwa sababu unaipenda, na maji ya moto kwenye chupa kuweka tumboni hayo nakubali mia kwa mia, hayagusi seli yoyote ila yanalegeza misuli.

Kinachofanya kazi kinagusa sehemu gani ya hiyo hadithi? Hili lijue kabla ya kwenda kwa daktari ili ukiandikiwa uelewe unapewa nini. Ibuprofeni na diklofenaki zinakata prostaglandini, ndo mana ukisubiri mpaka umeshaanza kubiringita unakuwa umechelewa, zimeshatengenezwa, mimi naanza mapema tu nikihisi dalili, baada ya kula, kwa kipimo nilichoandikiwa. Ila kama una vidonda vya tumbo, figo, au pumu sema kabla hujapewa. Panadol inasaidia kidogo lakini kwenye uvimbe wa namna hii haina nguvu. Vidonge vya majira, sindano ya Depo, kijiti, kitanzi cha homoni, hizi zote wanatupa sisi sio kwa uzazi wa mpango peke yake, zinapunguza posho ya estrojeni au kuituliza ile nyama isibomoke kila mwezi. Kitanzi cha shaba hapana, hicho hakina homoni na kinaweza kuongeza damu na maumivu. Depo ukiwa unatafuta mtoto karibuni sema, mana ukiacha mimba inaweza kuchelewa miezi kadhaa. Upasuaji unamtoa mwizi, kwa wengine unaleta nafuu kubwa sana, ila walinzi ni walewale na kwa baadhi inarudi, kwahiyo wengi wanaendelea na homoni baada ya kupasuliwa. Dawa ya kuumaliza kabisa haipo.

Kwa daktari nenda na daftari. Sio simu, simu inaisha chaji, daftari la shule la mistari. Andika miezi mitatu: tarehe damu imeanza, maumivu kati ya sifuri na kumi, kama haja kubwa inauma siku zile, kama mkojo unauma, kama tendo la ndoa linauma kwa ndani, kama miguu na mgongo, umekosa siku ngapi shamba au kazini. Hiyo ya kukosa kazi wasikudharau nayo, andika "siku mbili sikuokota korosho" hivyohivyo. Daftari ndo linalotenganisha na UTI na PID (maambukizi ya kizazi na mirija) ambazo tunatibiwa kila siku, mana maumivu yanayofuata kalenda yanaonekana kwa macho yakiandikwa.

Alafu omba kuonana na daktari wa magonjwa ya wanawake. Ukianzia zahanati omba rufaa, Mtwara kuna Ligula na ile hospitali ya kanda ya Mitengo, Lindi kuna Sokoine, na kuna za misheni Ndanda na Nyangao ambazo watu wa huku wengi wanazijua, piga simu au tuma mtu aulize daktari wa wanawake yupo siku gani kabla hujapanda basi. Ultrasaundi ya kupitia ukeni inaona vizuri zaidi ile sisti ya chokoleti kwenye ovari, yani mfuko wa damu ya zamani, na mpimaji aliyezoea anaona na ile nyama iliyozama, ila ikisoma kawaida haijafuta ugonjwa. Zamani ilikuwa mpaka utobolewe tumbo kwa kamera ndo waseme unayo, mwongozo wa Ulaya wa 2022 umelegeza hilo, daktari anaweza kuanza matibabu kwa dalili na picha. Kipimo cha damu cha CA-125 mwongozo huohuo umesema kisitumike kuitambua. Na maumivu ya ghafla makali kuliko yote, au unazimia, au umekosa siku zako alafu tumbo linauma upande mmoja, au una homa, hapo hakuna daftari, ni hospitali muda huohuo, inaweza kuwa mimba imetunga nje.

Swali la mwisho ambalo lazima utaulizwa, mana mimi niliulizwa na mama mkwe kabla hata sijamaliza: "Sasa hao walinzi si wafukuzwe tu?"

Wamejaribu mama. Ubelgiji mwaka 2008 walichukua dawa inayozima filimbi moja inaitwa TNF, dawa ya watu wa baridi yabisi, wakawapa wanawake wenye endometriosisi, wengine wakapewa maji matupu bila kujua. Maumivu yakapungua sawasawa kwa wote, dawa haikuzidi maji. Japani mwaka 2023 wametoa habari ya kingamwili ya kuzima filimbi nyingine, IL-8, ile inayowaita nyutrofili, wakawapa kima wenye ugonjwa huuhuu mana kima nao wanapata hedhi, nyama ikapungua na makovu yakapungua. Hao ni kima. Na ukimfukuza mlinzi mzima nani atalinda malaria ikija, na huku malaria haisubiri mwaliko.

Akafikiria, akasema kwahiyo wasifukuzwe, wafundwe upya.

Nikamwambia ndo hichohicho wanachokitafuta. Akauliza tena hiyo ya kima inauzwa Mtwara? Nikacheka mpaka tumbo likaniuma, na siku ile ilikuwa ya pili ya hedhi.